Kipimo cha mate kwa ugonjwa wa fizi: Kwa nini nusu saa tu inatosha kuharibu majibu

Unapiga mswaki asubuhi, unatema, povu lina rangi ya pinki. Unasuuza mdomo, unaendelea na siku yako. Wengi wetu tunaishia hapo.

Damu ile ni moja ya dalili za mwanzo za ugonjwa wa fizi, na kwa watu wengi ndiyo dalili pekee wanayoiona kwa muda mrefu, kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Siku unapogundua jino linacheza, mfupa ulioshikilia jino hilo unakuwa umeshaliwa, na mfupa huo haurudi wenyewe.

Ndiyo maana wazo la kupima ugonjwa huu kwa kutumia mate limewavutia sana watafiti. Hakuna sindano, hakuna chuma kinachoingizwa kwenye ufizi, unatema tu kwenye kikopo. Shida ni kwamba mate hayatulii. Yakishatoka mdomoni yanaendelea kubadilika, na kile ambacho daktari alitaka kukipima kinaweza kuwa kimeshaharibika kabla kikopo hakijafika maabara.

Ugonjwa wenyewe ukoje?

Una hatua mbili. Ya kwanza ni fizi kuvimba. Ukoga, yaani ule utando wa bakteria unaojikusanya pale jino linapokutana na ufizi, ukikaa bila kusafishwa, mwili unatuma kinga yake kupambana. Ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, unatoa damu ukiguswa. Hatua hii inarudi nyuma kabisa ukisafisha vizuri.

Ya pili, ambayo madaktari huiita periodontitisi, ndiyo yenye madhara ya kudumu. Uvimbe unashuka chini, nyuzi zinazofunga jino kwenye mfupa zinakatika, mfupa unaanza kuliwa, na kati ya jino na ufizi panatokea mfuko ambao mswaki hauufikii. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2022 inakadiria kuwa ugonjwa mkali wa fizi unawapata watu zaidi ya bilioni 1, karibu asilimia 19 ya watu wazima duniani.

Daktari wa meno anaugundua kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Anakiingiza taratibu kwenye upenyo wa ufizi, sehemu 6 kwa kila jino. Kwa mtu mwenye meno 28 hapo ni vipimo 168. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida, kuanzia 4 kwenda juu anaanza kuuliza maswali. Baadaye inafuata picha ya eksirei kuangalia mfupa.

Njia hii ni nzuri lakini ina kasoro moja kubwa: inapima hasara iliyokwishatokea. Ni sawa na kuhesabu nyumba zilizoungua. Haikuambii vizuri kama leo, wakati umekaa kwenye kiti, moto bado unawaka au ulishazimika miaka miwili iliyopita. Hapo ndipo mate yanapoingia.

Mate yanajuaje habari za fizi?

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Karibu asilimia 99 ni maji. Kilichobaki ni chumvichumvi, protini, chembe zilizobanduka mdomoni, na bakteria wengi ajabu: tone moja tu linaweza kuwa na mamilioni yao.

Kwa ugonjwa wa fizi, sehemu yenye habari kubwa haitoki hata kwenye tezi za mate. Inatoka kwenye ule upenyo kati ya jino na ufizi, ambako kuna majimaji yanayovuja kidogo kidogo muda wote. Fizi zikivimba majimaji hayo yanaongezeka, yanachanganyika na mate, na yanakuja na mabaki ya vita inayoendelea kule chini.

Kati ya mabaki hayo, yanayozungumzwa sana ni kimeng'enya kinachoitwa MMP-8. Chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili hukibeba zikiwa zimekihifadhi ndani yake, na zikifika kwenye uvimbe zinakimwaga. Kazi yake ni kukata kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoipa nyama uimara wake. Kwa muda mfupi hiyo inasaidia, inafungua njia ya kinga kupita. Vita isipoisha, kimeng'enya hichohicho kinakata nyuzi zinazoshikilia jino lako.

Kuna jambo moja hapa lishike, litatusaidia mbele. MMP-8 hutoka ikiwa imefungwa, haifanyi kazi. Baadaye inafunguliwa na kuanza kukata. Kwa hiyo mate yanaweza kuwa na MMP-8 iliyolala na MMP-8 iliyoamka kwa wakati mmoja. Inayohusiana zaidi na uharibifu unaoendelea ni ile iliyoamka. Profesa Timo Sorsa wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na wenzake wametumia miaka mingi kuifuatilia, na kazi yao ndiyo iliyozaa kipimo cha haraka ambacho tutakifikia.

Dakika 30 zinazoharibu kila kitu

Mwaka 2008 watafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Groningen, Uholanzi, walichapisha jaribio ambalo ukilisoma unaanza kuyaangalia mate kwa jicho jingine. Walichukua mate mabichi, wakayaacha kwenye joto la kawaida la chumba, kisha wakaangalia protini zake zinafanya nini.

Ndani ya dakika 30 baada ya kukusanywa, protini zilikuwa zimeshaanza kukatikakatika kwa kasi. Tena waligundua kuwa kukatika huko huanza hata kabla hujamaliza kutema, yaani wakati sampuli bado inakusanywa.

Wengi wangedhani wakosaji ni bakteria waliomo kwenye mate, kwamba wanakula na kuzaana ndani ya kikopo. Watafiti walilijaribu hilo kwa kuzuia shughuli za bakteria. Haikubadilisha kitu, protini ziliendelea kukatika. Walipoweka dawa zinazozuia vimeng'enya vinavyokata protini, hali ilipungua, lakini haikuisha.

Maana yake ni kwamba mkasi uko ndani ya mate tayari. Ni vimeng'enya vilivyokwishamwagwa, vingine na bakteria, vingine na mwili wetu wenyewe, na havihitaji kiumbe hai ili viendelee kukata. Ukiua bakteria umemwondoa fundi tu, mkasi wake umebaki unafanya kazi.

Sasa fikiria mtu mwenye ugonjwa wa fizi. Huyu ndiye mwenye vimeng'enya vingi zaidi mdomoni. Yaani mgonjwa ambaye tunataka sana kumpima kwa usahihi, sampuli yake ndiyo ina mikasi mingi zaidi.

Joto la chumba, chumba cha wapi?

Tafiti nyingi zinaposema joto la kawaida la chumba zinamaanisha nyuzi 20 hadi 25 hivi. Dar es Salaam mwezi Januari mchana ni nyuzi 31 au 32, na ndani ya kisanduku cha bodaboda kilichopigwa jua ni zaidi ya hapo. Mombasa hali ni hiyohiyo.

Hilo si jambo dogo. Kwa kawaida joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya vimeng'enya vingi huongezeka karibu mara mbili, mpaka pale joto linapokuwa kali mno na kuviharibu. Na vimeng'enya vya mdomoni vimezoea nyuzi 37. Kwetu sisi kikopo cha mate kilichoachwa mezani kinakuwa karibu kabisa na mazingira vinayoyapenda.

Ndiyo maana maabara za utafiti zina utaratibu mkali. Sampuli inachukuliwa asubuhi, saa ileile kwa kila mtu, akiwa hajala wala kupiga mswaki kwa muda uliopangwa. Kikopo kinakaa kwenye barafu tangu dakika ya kwanza. Mate yanazungushwa kwa kasi kwenye mashine ili uchafu na chembe zitulie chini, kisha maji ya juu yanagawanywa kwenye vichupa vidogo vidogo na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kwa nini vichupa vidogo? Kwa sababu kugandisha na kuyeyusha, kisha kugandisha tena, kunaharibu. Ute wa mate hujikunja mabonge na kuvuta baadhi ya protini kwenda nazo chini, na vimeng'enya vingine hubadilika hali. Hata ile MMP-8 iliyolala inaweza kuamka, au iliyoamka ikakatwa vipande. Ukigawanya mapema, unatoa kichupa kimoja tu unachokihitaji, vingine vinabaki vimeganda.

Friji ya nyumbani, ile sehemu yake ya kugandisha, inafika nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Hapo shughuli inapungua sana lakini haisimami kabisa. Halafu umeme unakatika saa sita, unarudi, sampuli inaganda tena. Ukiiangalia kwa macho huoni tofauti yoyote.

Tuseme, kama mfano tu, mate ya mtu yalikuwa na nanogramu 24 za MMP-8 iliyoamka kwa kila mililita. Kipimo kinasema mgonjwa akizidi 20. Sampuli ikasafiri, ikapoteza robo ya kimeng'enya hicho, ikafika na 18. Majibu yanatoka: huna shida. Mtu anarudi nyumbani akiwa na amani, na mfupa unaendelea kuliwa. Hatari ya sampuli iliyoharibika ni hii, haiji na majibu ya ajabu yanayokushtua. Inakuja na majibu ya kawaida kabisa.

Wale watafiti wa Groningen waliona njia ya kulishughulikia hilo. Katika mabaki ya protini zilizokatika walipata vipande vitatu ambavyo vyenyewe havikatiki tena, na wakapendekeza vitumike kuonyesha ubora wa sampuli: vikionekana, ujue sampuli imeshachakaa. Muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto anaijua akili hiyo. Kwenye chupa za chanjo kuna alama ndogo inayobadilika rangi chanjo ikipata joto kupita kiasi, na ikishabadilika chupa hiyo haitumiki. Mate yanaweza kuja na alama yake ndani.

Kwa nini wasipime kitu kinachodumu?

Swali zuri, na vitu vya namna hiyo vipo.

DNA ya bakteria, kwa mfano. Porphyromonas gingivalis ni mmoja wa bakteria wanaohusishwa sana na periodontitisi, na DNA yake inavumilia kuliko protini nyingi. Kampuni za kupima asili ya mtu kwa DNA zimekuwa zikisafirisha mate kwa posta miaka mingi. Mteja anatema kwenye kichupa, anafunga kifuniko, dawa ya kuhifadhi inamwagika ndani, basi. Hakuna barafu.

Lakini DNA hiyo inakuambia kwamba bakteria yupo, au alikuwepo. Hata bakteria aliyekufa anaacha DNA. Na watu wenye fizi nzima nao wanaweza kuwa naye mdomoni bila kuumwa. Umejua jina la jirani, hujajua kama leo ana ugomvi na wewe.

Kingamwili nazo ni imara. Mfano uko karibu nasi: kile kipimo cha kujipima VVU mwenyewe kwa kupitisha kijiti kwenye fizi, ambacho Kenya ilikizindua rasmi mwaka 2017, na Tanzania ikabadili sheria mwaka 2019 kuruhusu watu kujipima. Kijiti kile hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili kwenye majimaji ya fizi. (Na hapana, VVU haviambukizwi kwa mate.) Kinafanya kazi kwenye joto letu kwa sababu mbili: kinachotafutwa ni kigumu, na majibu yanasomwa palepale ndani ya dakika 20 hadi 40. Hakuna safari.

Kwa fizi, kingamwili haitoshi. Nayo ni kumbukumbu, inasema mwili uliwahi kukutana na bakteria fulani. Upande wa pili kuna RNA na vimeng'enya kama MMP-8, pamoja na protini za kupeleka taarifa za uvimbe kama intalukini-1 beta. Hivi vinaeleza kinachotokea sasa hivi, lakini vinahitaji uangalizi mkubwa, RNA hasa, maana mate yenyewe yana vimeng'enya vya kuimaliza.

Kwa hiyo watafiti wamebanwa katikati. Kiashiria kinachovumilia safari mara nyingi kinasimulia mambo ya zamani, na kinachosimulia ya leo hakivumilii safari.

Mtu yuleyule, mate tofauti

Hata ukiwa na friji nzuri kuliko zote, bado kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mate ya mtu mmoja hayafanani siku nzima.

Usiku ukiwa umelala mtiririko wa mate unapungua karibu kukauka, ndiyo maana mdomo wa asubuhi uko vile ulivyo. Ukitafuna kitu, mate yanafurika, na kiasi kilekile cha MMP-8 kinajikuta kwenye maji mengi zaidi. Namba inashuka ingawa ugonjwa haujapungua hata kidogo. Ndiyo sababu watafiti wengi hawakuambii uteme kwa nguvu au utafune. Wanakuambia uinamishe kichwa, uache mate yadondoke yenyewe. Hakuna anayependeza akifanya hivyo, lakini ndiyo njia sahihi.

Kifaa nacho kina neno lake. Vijiti vya pamba hunyonya mate vizuri, ila pamba inaweza kung'ang'ania baadhi ya protini au kuvuruga kipimo. Na kuna damu. Kwenye vipimo vingine vya mate, sampuli yenye damu inatupwa, kwa sababu damu ina protini nyingi zinazofunika za mate. Kwa ugonjwa wa fizi huwezi kutupa kila sampuli yenye damu, maana kutoa damu ndio ugonjwa wenyewe. Ukizitupa, umewatupa wagonjwa.

Njia ya mkato: pima hapohapo

Kama tatizo ni safari, basi safari iondolewe. Ndilo wazo lililo nyuma ya kipimo cha haraka cha MMP-8 iliyoamka, kinachouzwa Ulaya kwa jina la PerioSafe, ambacho msingi wake ni zile tafiti za Helsinki.

Unasuuza mdomo kwanza kwa maji ili kuondoa mabaki. Unasubiri kidogo. Kisha unasukutua kwa maji safi maalumu kwa sekunde 30 na kuyarudisha kwenye kikombe. Matone machache yanachujwa na kudondoshwa kwenye kifaa kinachofanana na kile cha kupima ujauzito. Baada ya dakika 5, mstari mmoja una maana uko chini ya nanogramu 20 kwa mililita, miwili una maana umezidi.

Dakika 5 ni chache kuliko zile 30 za Groningen, na hakuna kugandisha wala kuyeyusha. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kuvutia zaidi ya habari nzima: badala ya kuhangaika kuyafanya mate yatulie, waliamua kuwa na haraka kuyashinda.

Haina maana kwamba daktari anaweka kijiti chake kabatini. Maji ya kusukutua yanapita mdomo mzima, kwa hiyo kipimo kinasema ndani ya nyumba kuna moshi, hakisemi chumba gani. Mtu mwenye jino moja tu lililoharibika vibaya anaweza kutoka na mstari mmoja, kwa sababu habari za jino hilo zimemezwa na maji. Wakati mwingine uvimbe mwingine mdomoni nao unaweza kuchangia mstari wa pili.

Ukikutana na kipimo cha mate

Mitandaoni matangazo ya vipimo vya afya ya kinywa yapo, na yataongezeka. Kabla hujatoa hela, uliza kinapima nini hasa: bakteria, kingamwili au kimeng'enya. Uliza majibu yanasomwa palepale au sampuli inatumwa. Ikitumwa, uliza kichupa kina dawa ya kuhifadhi au kinasafiri kwenye barafu. Kama kinachopimwa ni kimeng'enya na jibu ni kwamba utakipeleka kwa basi ndani ya mfuko wa nailoni, hela yako ibaki mfukoni.

Ukiambiwa usile, usipige mswaki au usivute sigara kabla ya kupima, fuata. Si urasimu.

Na kama fizi zinatoa damu mara kwa mara, huhitaji kipimo chochote cha mate ili kwenda kwa daktari wa meno. Wenye kisukari waende mapema zaidi, kwa sababu magonjwa haya mawili yanachocheana, na wajawazito pia, maana homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa urahisi. Wavutaji sigara wana mtego wao: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi zao zinaweza zisitoe damu kabisa huku mfupa ukiendelea kuliwa chini kwa chini. Mvutaji asisubiri povu la pinki.